Mama Aliyelikataa Neno Langu

Mwaka 2014 nilikuwa na meza moja na kompyuta moja katika chumba cha kupanga mjini Tanga, nyuma ya duka la madaftari. Kibao cha mlangoni kilisema: tafsiri za nyaraka, kuchapa, fotokopi. Kazi nyingi zilikuwa vyeti vya kuzaliwa na barua za kuombea viza. Mara moja moja wakili mmoja aliniletea maelezo ya wateja wake niyageuze Kiingereza, kwa kuwa wakati ule maombi na viapo vya mahakama ya wilaya kwenda juu viliandikwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo mwombaji, mjibu maombi, mashahidi na hakimu mwenyewe walikuwa watu wa Kiswahili tangu wanapoamka hadi wanapolala.

Ndivyo nilivyokutana na mama mmoja kutoka milima ya Usambara. Jina lake nitaliacha. Alikuwa amepita miaka hamsini, kavaa sweta na kujitanda kanga juu yake, mkononi ana daftari la shule. Ndani ya daftari hilo binti yake alikuwa amemwandikia kurasa nne za mambo aliyotendewa na mumewe. Alitaka talaka. Baraza la usuluhishi lilikwisha kuwasikiliza na kushindwa, cheti chake kilikuwa ndani ya bahasha, na sasa wakili alitaka hati ya kiapo.

Nilizisoma zile kurasa usiku. Mume aliuweka unga na chumvi kwenye sanduku, akatia kufuli, akawa anatembea na ufunguo. Aliyahesabu mayai. Kwa miezi saba hakumwambia mkewe neno hata moja. Akitaka kitu alimgeukia mtoto, "Mwambie mama yako," hata kama mama yuko hatua mbili mbele yake. Usiku mmoja mama alichelewa kurudi kutoka msibani, akakuta mlango umetiwa komeo. Akagonga, akaita, mwishowe akalala barazani na mvua inanyesha. Aliyewahi kulala Lushoto anaijua baridi yake. Asubuhi mume alifungua mlango, akamruka kama mtu anavyoruka gogo, akaenda shambani.

Nilikuwa kijana, nikijivunia Kiingereza changu. Nilijua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 107, inautaja ukatili, uwe wa mwili au wa akili, kuwa mojawapo ya mambo yanayoweza kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika kabisa. Basi nikazikamua kurasa nne zikawa aya sita nyoofu, na ndani yake nikalipanda neno moja mara tano: cruelly. Alimtendea cruelly. Alimnyima chakula cruelly. Alimfungia nje cruelly. Nikalala nimeridhika.

Mtu akiapa kwa hati ya lugha asiyoijua, lazima asomewe kwa lugha anayoielewa kabla hajatia sahihi. Kesho yake, ofisini kwa wakili, nikaanza kumsomea, nikiirudisha tafsiri yangu mwenyewe kwenye Kiswahili. "Mjibu maombi alimtendea mwombaji kikatili..."

"Subiri, mwanangu," akasema. "Nani katili?"

"Baba watoto, mama. Kwa hayo aliyokufanyia."

"Katili ni muuaji. Huyu hajaua mtu. Hata mkono hajaninyanyulia, siku moja. Nikiapa hivyo, na yeye akasimama akasema mimi mwongo, si atakuwa na haki?"

Wakili akamweleza kwa upole kwamba neno hilo limo ndani ya sheria, na bila hilo shauri halisimami. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Basi sheria na iseme, wakili. Nawe useme. Mimi naapa juu ya chumvi. Chumvi iko wapi humo?"

Nikaitazama karatasi. Chumvi haikuwamo. Nilikuwa nimeandika "mahitaji ya msingi". Sanduku halikuwamo, wala mayai, wala mtoto aliyesimama katikati ya wazazi wake akibeba maneno huku na huku. Mambo yote aliyoyaona kwa macho yake nilikuwa nimeyaondoa, na mahali pake nimeweka maoni yangu kuhusu moyo wa mume wake. Nilitamani meza inimeze. Wakili akatupa wiki moja.

Jioni ile nilikwenda Ngamiani kwa jirani yetu wa zamani anayefundisha madrasa. Tangu utotoni nikikwama kwenye neno lenye harufu ya Kiarabu huwa namwendea yeye.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Una jambo, naliona usoni."

Nikamweleza bila kutaja jina la mtu. Akafikiri kidogo. "Qaatil, kwa Kiarabu, ni muuaji basi. Qatala, ameua. Huyo mama amelisikia neno mpaka kwenye mzizi wake, na mzizi hakufundishwa na mtu." Nikamuuliza, je, mtu anayemfungia mkewe chumvi anaitwaje? "Huyo ni dhalimu. Wanazuoni wanasema dhuluma ni kuweka kitu pasipo mahali pake. Chumvi mahali pake ni jikoni. Na mtu, usiku wa mvua, mahali pake ni ndani ya nyumba yake."

Najua katili wa leo amekwenda mbali na muuaji. Polisi wana madawati ya jinsia na watoto, na hapo ukatili ni pamoja na tusi, kunyimwa matumizi, kutishwa. Matumizi hayo ni halali, yameokoa watu, nami nayatumia. Lakini neno moja laweza kukaa na umri tofauti katika vinywa viwili. Mama alikuwa na katili wa zamani, mimi nina katili wa semina, na kiapo kilikuwa chake.

Usiku ule nikajiuliza: na hilo la Kiingereza, nililolimwaga mara tano kama chumvi kwenye mboga, nalo limebeba nini tumboni? Swali hilo limenishika mpaka leo. Mengine niliyapata wiki ile, mengine miaka iliyofuata, kazi moja baada ya nyingine.

Cruel iliingia Uingereza ikitoka Ufaransa, katika karne zile baada ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066 na Kifaransa kuwa lugha ya mabwana. Kifaransa kiliirithi kutoka Kilatini, crudelis, na hiyo imezaliwa na crudus: kibichi, kisichopikwa, chenye damu bado. Ndugu yake mwingine wa Kilatini ni cruor, damu iliyokwisha kumwagika. Kwa hiyo mkatili wa Kilatini, tangu mwanzo, ni mtu mbichi, mtu ambaye moto haujampitia. Crude ya Kiingereza ni ya ukoo huohuo. Hapa Tanga tangu mwaka 2017, jiwe la msingi lilipowekwa Chongoleani, tunalitaja kila siku bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima. Hayo mafuta, kwa Kiingereza, yanabeba jina linalochangia babu na ukatili. Nikipita barabara ile huwa nalikumbuka hilo.

Kabla ya Kifaransa kufika, Waingereza walikuwa na neno lao, nalo linatisha zaidi. Watawa waliokuwa wakiandika mahubiri na visa vya mashahidi wa dini, kama Ælfric karibu na mwaka 1000, wafalme waliowatesa Wakristo waliwaita wælhreow. Wæl ni maiti za waliouawa vitani, zilizolala uwanjani. Neno hilohilo, kwa ndugu zao wa Skandinavia, ndilo lililomo ndani ya Valhalla, ukumbi wa waliouawa. Ukitaka kusema mfalme alitenda kwa namna hiyo, unaongeza mkia: wælhreowlice.

Na mkia huo ndio ulionikosesha usingizi. Ile -ly inayofungia vielezi vingi vya Kiingereza, tunayowafundisha watoto kuibandika tu, zamani ilikuwa lic, nayo maana yake ni mwili. Mwili, umbo, na pia mwili wa marehemu. Makanisa ya zamani Uingereza yana lango lenye paa ambapo jeneza hupumzishwa likisubiri padri, na jina la lango hilo bado lina lic ndani yake. Kusema mtu ametenda cruelly ni kusema, kwa mifupa ya neno lenyewe, ametenda kwa umbo la ubichi, kwa mwili wa nyama mbichi.

Nyama. Hapo nikasimama, nikaacha kalamu.

Sisi tunasema kinyama. Alipigwa kinyama, aliuawa kinyama. Kila mara nililidhani ni la mnyama tu, mwendo wa chui au fisi. Lakini mnyama na nyama ni neno moja. Katika lugha za Kibantu, tangu zamani kabisa, -nyama ni aliye hai porini na ndiyo iliyo chunguni. Kwa hiyo Mswahili anayesema kinyama na Mrumi aliyesema crudeliter hawajawahi kukutana, na wote wawili mkono wao umegusa nyama. Sitajifanya kwamba ni ukoo mmoja, lugha hizi hazina undugu. Ila niliona kwamba watu wa mahali mbalimbali, walipotafuta jina la jambo hili, hawakuanza na moyo. Walianza na kitu kinachoonekana na kinachonuka: maiti, damu, nyama ambayo haijapikwa. Moyo ulikuja baadaye. Mama wa Usambara naye alianza na sanduku.

Jambo la pili lililonishangaza ni kwamba kwa muda mrefu neno hili halikuhitaji moyo hata kidogo. Francis Bacon, yule mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1626, aliandika kwamba salfa inaungua cruelly na ni ngumu kuzimika. Salfa haina chuki na mtu. Noah Webster, katika kamusi yake ya Kimarekani ya mwaka 1828, baada ya kutoa maana ya kwanza, ile ya kukosa utu, akaongeza ya pili, kwa maumivu makubwa, na akatoa mfano wa chombo kinachoweza kukata nyama ya mtu cruelly. Kisu! Maana hiyo haimtazami atendaye, inamtazama anayeumia. Waingereza bado wanaitumia wakisema baridi ni cruelly baridi, au tumaini lilikatwa cruelly.

Kiswahili tuna neno la kazi hiyo, na kila mtu analo: kali. Kisu kikali, jua kali, njaa kali, baridi kali. Hakuna anayedhani jua limekusudia. Nikagundua kwamba katika aya yangu ya kufungiwa nje nilikuwa nimechanganya mambo mawili bila kujua. Baridi ya usiku ule ilikuwa kali. Hiyo ni maana ya Bacon, na mama angeiapia bila wasiwasi. Nia ya mume ndani ya nyumba ni jambo lingine, nalo mama hakuliona, kwa kuwa lilikuwa upande wa pili wa mlango. Neno langu moja lilizifunika zote mbili, na hakimu asingejua ninazungumzia ipi.

Marehemu babu yangu alikuwa mwinjilisti na aliacha Biblia kadhaa, mbili zikiwa za Kiingereza: ile ya King James, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1611, na nyingine ya karne ya ishirini. Nilizifungua Waamuzi sura ya nne, habari za Yabini mfalme wa Kanaani na jemadari wake Sisera, wenye magari ya chuma mia tisa, waliowaonea Waisraeli miaka ishirini. King James inasema waliwaonea mightily, kwa nguvu. Ile mpya inasema cruelly. Neno la Kiebrania pale ni la nguvu, la mkono ulioshika na kubana. Kati ya karne ya kumi na saba na ya ishirini, watafsiri waliondoka kwenye mkono wakaingia moyoni. Siwalaumu, magari mia tisa ya chuma miaka ishirini, ni nani asingesema katili? Lakini nilipoziweka Biblia mbili sambamba juu ya kitanda niliona kosa langu limeandikwa kwa herufi kubwa. Mama alinipa mkono, mimi nikaandika moyo.

Kuna mahali pamoja King James yenyewe inalitumia, Ezekieli 18:18, juu ya baba aliyeonea cruelly na kumnyang'anya ndugu yake. Angalia kwamba nabii haachi hapo. Anataja kunyang'anya. Na katika sura nzima anaorodhesha: kurudisha rehani ya mdeni, kumpa mwenye njaa chakula, kumvika nguo aliye uchi, kutokopesha kwa riba. Sura ile ingeweza kuwa kiapo kizuri mahakamani. Chakula kimo.

Miaka mitatu baada ya yule mama, kijana wa kidato cha sita alikuja na kipande cha mchezo wa Shakespeare, Henry wa Tano, ulioandikwa karibu na mwaka 1599. Klabu yao ya maigizo ilitaka kuonyesha onyesho la mwisho kwa Kiswahili, pale mfalme wa Uingereza, baada ya kulipiga jeshi la Ufaransa kule Agincourt, anamposa binti mfalme wa Ufaransa asiyejua Kiingereza sawasawa. Mfalme anamwomba amfanyie mzaha kwa huruma, kwa sababu, anasema, "I love thee cruelly." Kijana alikuwa ameandika "nakupenda kikatili" na darasa zima lilicheka mahali pasipo pa kucheka.

Tulikaa nalo jioni nzima. Neno pale linafanya kazi mbili kwa mpigo. Kwanza linampa huruma ya mstari uleule mwenzake wa kupingana naye. Pili, linafanya kazi ile ya salfa: nakupenda kwa kuumia, nakupenda mno. Sisi tunasema vibaya. Amependeza vibaya, ana njaa vibaya, nampenda vibaya. Vijana wa Dar wana kinoma. Neno baya linanyang'anywa ubaya wake na kubaki na nguvu tu. Limetokea kwao, limetokea kwetu, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Tukaandika: "Nitanie kwa huruma, binti mfalme, maana nakupenda vibaya." Kijana aliusema mstari kwa sauti mara tatu, akaridhika.

Mimi sikuridhika sana, na nilimwambia. Vibaya imelegea; mtu akiisikia haoni damu. Cruelly kinywani mwa Henry ina damu bado, kwa sababu anayesema amewaua ndugu za anayeambiwa. Yule binti hana pa kwenda. Ndoa yake ni sehemu ya mkataba wa amani, na katika historia ya kweli mkataba huo ulitiwa sahihi Troyes mwaka 1420. Sidhani Shakespeare alilichagua neno kwa bahati. Nilimshauri kijana ainue macho amtazame binti anapofika hapo, kisha akae kimya kidogo. Hilo ndilo nililoweza kumpa. Kiswahili changu hakikutosha kuubeba mstari ule wote, na mpaka sasa bado naurudia.

Kwenye sheria, neno hili lina safari yake. Mwaka 1685 Mwingereza Titus Oates, aliyewapeleka watu kunyongwa kwa kiapo cha uongo, alihukumiwa apigwe mijeledi akitembezwa jijini London kutoka Aldgate hadi Newgate, apumzishwe siku moja, kisha apigwe tena kutoka Newgate hadi Tyburn, na juu ya hapo kila mwaka wa maisha yake atolewe hadharani kufungwa shingo na mikono kwenye mbao. Miaka minne baadaye, 1689, Bunge lao lilipoandika Hati ya Haki likakataza adhabu za kikatili na zisizo za kawaida. Maneno hayohayo Wamarekani wakayaingiza katika marekebisho ya nane ya katiba yao, 1791. Mtu mwenyewe alikuwa mwongo wa viapo na kiapo chake kiliua. Bado wapo walioona kwamba alichofanyiwa kilivuka mpaka. Namfikiria Oates kila ninapokumbuka jinsi mama alivyogoma kuapia neno moja lililozidi.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(e), inasema ni marufuku kwa mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha. Waandishi wake walichagua kinyama. Nalipenda chaguo hilo kuliko maneno ya Kiingereza yanayolizunguka, kwa sababu linamgeukia anayeadhibu na kumuuliza yeye ni nini. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliisoma ibara hiyo akaona adhabu ya kifo inaivunja. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, ya kinyama na ya kudhalilisha, kisha ikasema katiba inairuhusu hata hivyo. Nilipoisoma hukumu hiyo ilibidi nirudi nyuma nisome tena. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba ukishalisema neno, kazi imekwisha. Pale neno lilisemwa wazi, na majaji wa ngazi ya juu kabisa, na adhabu yenyewe ikabaki pale ilipokuwa.

Tangu mwaka 2021 sheria imebadilika, na Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama isipokuwa pale inapolazimu vinginevyo. Kazi yangu imegeuka upande. Sasa napewa sheria na hukumu za Kiingereza nizilete Kiswahili. Kila nikikutana na cruelly huwa nasimama niulize maswali matatu. Je, linazungumzia moyo wa mtenda? Basi ni kikatili, au bila huruma. Je, linazungumzia maumivu ya mtendwa, na mtenda hakutajwa? Basi ni vikali, au kwa uchungu mkubwa. Au ni adhabu inayomshusha mtu utu wake? Basi ni kinyama. Kuna siku namwandikia mteja kumuuliza, naye anashangaa kwamba neno moja linahitaji simu. Namwambia linahitaji.

Nirudi kwa yule mama. Wiki ile niliandika upya. Aya sita zikawa kumi na tisa. Sanduku lilikuwamo, na rangi yake, na kufuli, na mahali mume alipoweka ufunguo akienda kuoga. Mayai yalikuwamo. Miezi saba ilitajwa kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani. Cruelly haikuwamo hata mara moja. Wakili alikubali kwamba neno la sheria atalitamka yeye, katika hoja zake, kwa kinywa chake.

Mama alikuja na binti yake, yule aliyeandika daftari. Nikasoma polepole. Kwenye chumvi mama alitikisa kichwa akasema, "Ehe." Nilipofika kwenye "Mwambie mama yako", binti aliinuka akatoka nje, akasimama barazani ametupa mgongo. Hapo ndipo nilipoelewa mtoto wa kwenye daftari alikuwa nani. Nilitaka kunyamaza. Mama akasema, "Endelea, mwanangu. Na yeye anajua ni kweli."

Nikaendelea mpaka usiku wa msiba, mlango wenye komeo, mvua ya masika.

"Hapo," akasema. "Haikuwa masika. Ilikuwa vuli. Maharage yalikuwa bado mabichi shambani, nayakumbuka, nilikuwa nayatazama kulipokucha."

Nikarekebisha. Nikachapa upya ukurasa wa tatu, nikamsomea tena kuanzia juu, akatia sahihi.